Moja ni Ndiyo, Mbili ni Hapana

Niliomba kupelekwa ICU kwa sababu ya ubaridi. Wenzangu walimwambia mwalimu kwamba wana wito, wengine wakasema wanataka kuona kesi ngumu wakomae, naye akawa anaitikia kwa kichwa. Mimi nilijua jambo moja tu: Garissa hii, ukiondoa benki na ofisi za wakubwa, chumba chenye kiyoyozi kisichopumzika ni kile cha wagonjwa mahututi. Nje jua linakaanga lami, korongo wamesimama jaani midomo wazi, na sisi tungekuwa ndani tumevaa sweta. Kwa hiyo na mimi nikasema nina wito. Mwalimu alinitazama kidogo. Akaniandika.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa mdomo. Niko mwaka wa pili wa uuguzi, nina miaka kumi na tisa, na mama yangu huwaambia majirani kwamba alizaa redio, ila kitufe cha kuizima kilibaki hospitali. Wodi za kawaida nilizipenda. Wazee wanataka stori, watoto wanataka mtu wa kuwafanyia sura za kuchekesha, akina mama wanataka mtu wa kusengenya naye chakula cha hospitali. Mdomo ulikuwa dawa yangu ya kwanza, na siku nyingine ndiyo dawa pekee iliyokuwa haijaisha stoo.

ICU hakuna wa kuongea naye. Vitanda ni vichache, kila kimoja kimezungukwa na mashine kama bwana harusi, na aliyelala katikati hajui kama umekuja au umeondoka. Mkuu wa wodi, ambaye sote tulimwita injaji, ni mama wa makamo kutoka Meru, mwenye viatu visivyotoa sauti. Siku ya kwanza alitupanga ukutani.

"Hapa hatukimbii, hatupigi kelele, na hatugusi kitu tusichokijua."

"Na tukikijua?" nikauliza.

"Hukijui," akasema, akaendelea.

Alikuwa sahihi. Mashine ilipolia mara ya kwanza niliinua mikono juu kama mtu aliyesimamishwa na polisi. Mwenzangu wa zamu, msichana kutoka Mandera ambaye husoma hata maandishi ya nyuma ya pakiti ya glavu, alipita chini ya kwapa langu akabonyeza kitufe, kelele ikaisha. "Shusha mikono," akaniambia. "Hakuna anayekushika." Tangu hapo nilielewa kazi kubwa ya mwanafunzi ICU ni nini. Utamgeuza mgonjwa asipate vidonda, utamsafisha kinywa, utaandika presha. Lakini saa nyingi utasimama. Utasimama karibu na mtu anayekufa, umekunja mikono usiguse kitu, na utaambiwa usimame pembeni zaidi kidogo.

Kisha akaletwa kijana wa Diff.

Umri wake ulikuwa karibu na wangu. Alikuwa anachunga ngamia wa baba yake huko Diff, mpakani na Somalia, akaharisha wiki moja akapona, halafu miguu ikaanza kufa ganzi. Asubuhi moja akashindwa kusimama. Walipomfikisha Wajir kwa pikapu, mikono nayo ilikuwa imelegea, na ambulensi ilipofika kwetu Garissa kifua kilikuwa kinakataa kupumua. Daktari alitueleza kwamba kinga ya mwili, baada ya kumaliza kupigana na ule ugonjwa wa tumbo, imegeuka inashambulia neva za mwili huohuo. Akili ni nzima. Masikio ni mazima. Anahisi kila sindano. Ila mwili wote umezimika, na pumzi anapewa na mashine kupitia mrija uliopita mdomoni hadi kwenye koo la hewa.

"Atapona?" mwenzangu akauliza.

"Wengi hupona," daktari akasema. "Polepole sana. Kazi yetu ni kumweka hai hadi neva zirudi."

Kilichobaki kwake kilikuwa macho. Injaji aliinama juu yake siku ya kwanza, akamwambia kwa Kiswahili chake cha Meru, nami nikageuza kwa Kisomali: macho yako sasa ndiyo mdomo wako. Ukipepesa mara moja ni ndiyo. Mara mbili ni hapana. Umesikia? Akapepesa mara moja, taratibu, kama mtu anayeweka muhuri.

Sasa nilikuwa nimepata mtu wa kuongea naye. Tena bora zaidi, hakuweza kutoroka.

Injaji alinipa kazi ya kumuuliza maswali ya maana. Unaumwa? Unataka tukugeuze? Mwanga unakusumbua? Nilimaliza hayo, kisha nikavuta stuli. Nikamwambia ile ya mtu wa Garissa aliyefika Limuru mara ya kwanza, akahisi baridi hadi akaingia buchani akaomba kulala ndani ya friji, maana huko angalau kuna mlango wa kufunga. Nikangoja. Akapepesa mara mbili. Nikamwambia ya mwalimu wetu, ambaye huwapima wanafunzi presha kabla ya kusoma matokeo ya mtihani, akianguka mtu asisingiziwe yeye. Mara mbili. Nikampa zote zilizowahi kuangusha bweni zima kwa kicheko, na kijana yule, amelala hawezi kuinua hata kidole, akazikataa moja baada ya nyingine.

"Mwache," mwenzangu akasema. "Haya sasa ni mateso ya mfungwa."

"Anapenda. Muulize."

Akainama akamuuliza. Mara mbili. Mwenzangu alicheka hadi akatoka nje, na mimi ninaapa macho ya yule kijana yalicheka pia.

Stori moja tu alinipitishia, na haikuwa yangu. Ilikuwa ya baba yake. Mzee alikuwa mrefu, ndevu za hina, fimbo yake imeachwa kwa mlinzi wa lango. Alishinda kwenye benchi la nje, upande wa pili wa kioo, na saa ya kuona wagonjwa alivalishwa gauni la hospitali akaingia. Mara ya kwanza hakumgusa mwanawe. Alisimama mbele ya mashine akaiangalia kama mtu anayepima mnyama sokoni.

"Adeer," akaniambia. Kwetu mzee humwita kijana adeer na kijana humwita mzee adeer, jina ni la baba mdogo lakini linakwenda pande zote mbili. "Hii inakula nini?"

"Stima, adeer."

"Na stima ikipotea?"

"Kuna jenereta."

"Nayo inakula nini?"

"Dizeli."

Akafikiri. "Basi ni kama lori la mifugo. Dereva ni nani?"

Injaji akataka kujua mzee anasema nini. Nikamwambia anauliza dereva ni nani. "Mwambie ni mimi," akasema bila kuinua uso kwenye faili. Mzee alimwangalia kuanzia kwenye kitambaa cha kichwa hadi kwenye vile viatu visivyo na sauti, kisha akakubali kwa kichwa, akaketi. Nilipomsimulia kijana baadaye, nikiiga sauti zote mbili, akapepesa mara moja. Nilizunguka wodi nzima kuwatangazia.

Mzee aliona yote hayo kupitia kioo. Aliniona nimekaa kwenye stuli nikipunga mikono, akaona macho ya mwanawe, akaona tunavyocheka. Alinizoea. Akinikuta kwenye korido aliniuliza, "Leo amekukataa mara ngapi?" nami nikamwambia nimepoteza hesabu.

Mrija wa mdomoni haukuundwa kukaa muda mrefu. Unakwaruza koo, na makohozi yanakauka ndani yake kama uji kwenye sufuria. Kila mara tulilazimika kupitisha kimrija chembamba kuyanyonya, na kila tulipofanya hivyo kijana alitoka machozi, kwa kuwa alihisi kila kitu. Sisi tunaiita sakshen. Mwenzangu aliifanya kwa upole sana, akimsomea dua kwa sauti ya chini. Mimi nilishika kichwa chake tu, na hapo stori zilinikauka.

Ndipo daktari akasema wakati umefika wa kumtoboa shingo. Tundu dogo chini ya koo, mrija mfupi unaingia hapo, mdomo unapumzika, makohozi yanatoka kwa urahisi. Akipona, mrija unatolewa na tundu linajifunga lenyewe. Ni jambo la kawaida, watu wengi hupona kupitia hilo. Kilichohitajika ni mzee akubali.

Daktari huyu alikuwa bado kijana, mtu wa ng'ambo ya mto, asiyejua Kisomali, mpole kupita kiasi. Alimketisha mzee kwenye benchi, akaketi naye, akaongea polepole, nami nikigeuza kila sentensi. Nilijitahidi. Sikuongeza chumvi wala mzaha. Mzee alisikiliza vizuri hadi daktari alipotaka kumwonyesha mahali penyewe. Aliweka kidole kwenye shimo lake la shingo, pale chini kabisa, juu kidogo ya mfupa wa kifua.

"Hapo?" mzee akauliza.

"Hapo," daktari akasema kwa Kiswahili, akitabasamu, akidhani wameelewana.

Mzee akainuka, akarekebisha kikoi chake, akatoka. 

Nilimfuata nikamkuta karibu na bomba la kutawadhia, kivulini, hatawadhi. Jua lilikuwa kali hadi ukuta ulikuwa unatoa joto.

"Wewe ni mtoto wa mjini," akaniambia. "Nyama unaijua ikiwa ndani ya karatasi."

"Ni kweli, adeer."

"Ngamia anachinjwa wapi?"

Nikaweka mkono chini ya taya. Akatikisa kichwa, akaushika mkono wangu, akaushusha hadi kwenye shimo la shingo yangu mwenyewe, palepale daktari alipoonyesha. Vidole vyake vilikuwa vigumu kama mbao.

"Huko juu ni mbuzi. Ngamia ni hapa."

Akauachia mkono wangu.

"Na ngamia akiugua, ukaona pumzi yake inakwenda, unafanya nini?"

Hilo hata mtoto wa mjini analijua. Mnyama akifa mwenyewe ni kibudu, haliwi, amepotea bure. Kwa hiyo mchungaji hamwachi afike mwisho. Anamwelekeza kibla, anasoma bismillahi, anamaliza kabla pumzi haijamalizika.

"Unamuwahi," nikasema.

"Basi mnataka kumuwahi mwanangu."

Nilifungua mdomo, na kilichotoka ndicho kitokacho siku zote nikikosa la kusema. "Adeer, hatuna mpango wa kumla."

Hakukasirika. "Najua hamumli," akasema. "Ndiyo maana siwaelewi."

Nilirudi ndani nikamweleza daktari. Alishika shingo yake, kisha akaushusha mkono haraka, kama mtu aliyekumbuka kwamba kuna anayemtazama. Injaji akasema, "Miaka yote niliyofanya kazi huku, hakuna aliyewahi kuniambia hilo." Kisha akasema tujaribu tena.

Tukajaribu tena. Mwenzangu alimweleza mzee kwa ustadi wa kitabuni, na Kisomali chake cha Mandera ni safi kuliko changu. Mzee akamshukuru, akamwombea mume mwema, akakataa. Nikamleta imamu wa msikiti wa karibu, akaeleza kwamba tiba ni halali, kwamba kumchana mtu ili aishi si kumchinja. Mzee akamsikiliza kwa adabu. "Sheikh," akasema, "sikuuliza kama ni halali. Hata kuchinja ni halali." Nikatafuta video kwenye simu, nikidhani akiona mtu mwenye tundu anatembea atatulia. Niliipata, lakini ilianza na kisu, na kabla sijaisukuma mbele mzee alikuwa ameshageuza uso.

Akapiga simu Diff. Jambo kama hilo si la mtu mmoja, ni lazima ndugu zake wakubaliane, na ndugu zake walikuwa malishoni ambako mtandao unapatikana kwenye kilima kimoja. Mmoja akipatikana, mwingine yuko kisimani. Aliyepatikana akauliza: kijana bado anapumua? Anapumua. Basi kwa nini mumguse shingo?

Wakati huo kijana alikuwa anasikia yote. Kioo si kinene, na mzee akizungumza na simu ya Diff huongea kana kwamba Diff yenyewe inatakiwa kusikia bila simu. Nilikuwa namsafisha uso nikaona macho yake yamenigandia.

"Umesikia wanayosema?"

Mara moja.

Nikaangalia pembeni. Injaji alikuwa kitanda cha mwisho. Nikainama.

"Nikuulize kitu ambacho si stori. Daktari anataka kukutoboa hapa. Si kukuchinja, wallahi. Ni kukuondolea huu mrija wa mdomoni. Wewe mwenyewe unataka?"

Akapepesa mara moja. Haraka, hata sijamaliza.

"Una hakika?"

Mara moja.

Niliacha kitambaa kwenye mto, nikasahau kwamba hapa hatukimbii. Daktari alikuja akamuuliza mwenyewe, nikageuza, akapata jibu lilelile. Daktari akashusha pumzi. "Ni mtu mzima," akasema. "Lakini nikimkata leo baba yake hajaridhika, kesho mzee atapanga gari wamtoe hapa, na bila hii mashine hafiki hata Modogashe hapo njiani. Mwambie baba yake alichosema."

Nikatoka nikamwambia mzee. Nilikuwa na furaha. Nilidhani nimebeba ushahidi usiopingika, kauli ya mwenye shingo.

Mzee aliniangalia kwa huruma, na huruma hiyo iliniuma kuliko matusi.

"Adeer, mtu amefungwa miguu na mikono, kisu kiko kwenu, mnamuuliza. Ajibu nini?"

"Alijibu mara moja. Ni ndiyo."

"Nimekuona kila siku hapo ndani. Anapepesa, unacheka. Anapepesa, unazunguka unaiga watu. Mbili, unasema amekupenda. Moja, unasema amekupenda zaidi." Akanipiga bega kidogo, taratibu. "Wewe ni kijana mzuri. Umemchangamsha mwanangu. Lakini kwenye jambo hili niletee mtu mwingine."

Ningelia, ila nilikuwa nimevaa yunifomu. Mwenzangu alienda, akarudi. Mzee alimwambia anangoja ndugu zake. Kijana, tulipomwambia baba yake anangoja, hakupepesa kabisa. Alitazama kwenye kioo, ambako mzee alikuwa ameegemeza kiganja, na akabaki anatazama huko hata baada ya sisi kumgeuza upande mwingine kwa ajili ya vidonda. Macho yalivutika kwenye kona hadi yakawa meupe.

Ndugu wa mwisho alipatikana jioni moja. Alisema atakuja mwenyewe aone kwanza, ndipo aseme. Gari la kutoka Diff lingepita Wajir, lingelala njiani.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa naandika presha mashine ilipolia. Sikuinua mikono. Nilibonyeza kile kitufe, ikalia tena. Kifua cha kijana hakikuwa kinapanda. Injaji alifika kabla sijamwita, akamtenga na mashine, akaniwekea mikononi ule mfuko wa kumpulizia mtu hewa kwa mkono. "Bonyeza."

Nikabonyeza. Ulikuwa mgumu kama ngumi. Mfuko ule kwa kawaida unalegea kama puto, hewa ikaenda unaiona kifuani, lakini siku ile nilikuwa kama nabonyeza jiwe.

"Hauingii," nikasema.

"Bonyeza."

Mrija ulikuwa umeziba. Injaji alipitisha kile kimrija cha sakshen, kikagota. Akakichomoa, akajaribu tena, kikagota palepale. Mwenzangu alikuwa anasoma namba kwa sauti, oksijeni inashuka, sauti yake haitetemeki, machozi yanamtiririka. Daktari akaingia akikimbia, akautoa mrija wote, akajaribu kupitisha mwingine mdomoni. Koo lilikuwa limevimba, njia haionekani. Akajaribu tena. Kijana alikuwa ananitazama. Nilikuwa kichwani pake, nimeshika taya zake kwa mikono miwili, uso wangu juu ya uso wake umepinduka, na macho yake yalikuwa yanapepesa, yanapepesa, hayana hesabu. Sikujua ni ndiyo au ni hapana, na hakuna lolote kati ya hayo ambalo ningeweza kulifanyia kazi. Rangi yake ikabadilika. Kisha macho yakabaki wazi.

"Kisu," daktari akasema.

Akakata palepale kitandani. Damu ilikuja, si nyingi kama nilivyodhani. Mrija mfupi ukaingia, injaji akachukua mfuko akauunganisha, akabonyeza, na kifua kikapanda. Kilipanda vizuri kabisa, kama kifua cha mtu aliyelala kivulini. Lakini moyo ulikuwa umeshasimama. Nikaambiwa nikandamize kifua, nikakandamiza, mwenzangu akapokea, nikapokea tena, na ukarudi. Kila mtu akasema alhamdulillah, hata injaji, ambaye ni wa kanisani.

Nilipoinua kichwa niliona kioo. Mzee alikuwa amesimama nyuma yake. Hakuna aliyekumbuka kuvuta pazia. Aliona kidole cha daktari kikitafuta pale chini, aliona kisu, na aliona kwamba kabla ya kisu kifua hakikupanda, na baada ya kisu kikapanda. Alikuwa mtu wa mifugo maisha yake yote, anajua kutazama pumzi. Hakuhitaji mtu wa kumgeuzia lugha.

Ndugu yake alifika mchana na vumbi la njiani kwenye kope. Mzee akamwambia maneno machache, na yule akakaa chini kwenye sakafu ya korido.

Siku zilizofuata presha ilikuwa nzuri. Oksijeni ilikuwa nzuri. Tundu lilikuwa safi, makohozi yakitoka kwa urahisi kama daktari alivyoahidi. Kila namba niliyoiandika ilikuwa ya kumfurahisha mwalimu. Ila macho yalifunguka yakatazama dari. Injaji akainama. Unanisikia? Pepesa mara moja. Hakuna. Daktari akamulika tochi, akamgusa hapa na pale, akaongea na wenzake kwa simu. Kisha akaniita nimgeuzie mzee maneno yake: ubongo ulikosa hewa muda mrefu. Hatujui kitakachorudi. Pengine hakuna.

Niligeuza. Mzee akasema, "Allah ndiye ajuaye," na nikamgeuzia daktari, naye akasema ndiyo.

Shida ni kwamba macho hupepesa yenyewe. Ya kwangu, ya kwako, ya mtu yeyote, ili yasikauke. Na yake yalipepesa hivyo, bila mpangilio. Sisi tulijua. Mwenzangu alinieleza ni sehemu gani ya ubongo inayofanya hivyo, alikuwa ameisoma, na nikamwambia tafadhali nyamaza.

Mzee sasa alikuwa anaruhusiwa kukaa ndani. Aliletewa kiti karibu na kichwa. Injaji alimfundisha kufuta pembeni mwa tundu kwa chachi na maji ya chumvi, na alifanya hivyo kwa wepesi, kidole gumba kimeshika kidevu, asimwumize. Mimi nilipita mbali na kitanda kile kila nilipoweza. Nilijipa kazi za stoo. Nilipanga glavu ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

Akaniita. "Adeer. Njoo."

Nikaenda.

"Kaa kwenye stuli yako."

Nikakaa.

"Muulize kama ananilaumu."

"Adeer, daktari alisema..."

"Nilisikia alichosema daktari. Wewe ndiye uliyekuwa ukimsoma. Nilikosea kukukatalia. Muulize."

Nilimtafuta injaji kwa macho. Alikuwa ameshika faili, hasomi, na hakunisaidia. Mwenzangu alikuwa amegeukia dirisha. Nikainama juu ya kijana wa Diff, karibu kama siku zile za stori, nikamuuliza kwa Kisomali, kwa sauti ambayo baba yake angeisikia: unamlaumu baba yako? Mashine ikampa pumzi, ikampa nyingine. Akapepesa. Tukangoja. Jicho likakaa wazi, jekundu kidogo pembeni. Kisha akapepesa tena.

Mzee alikuwa amesogea hadi magoti yake yamegusa kitanda.

"Hiyo ni mbili," akaniuliza, "au ni moja halafu moja?"

"Ni mbili, adeer," nikasema. "Ni hapana."

Akanitazama vile watu hunitazama nikimaliza stori na hawajui kama wanatakiwa kucheka.  Kisha akachovya chachi kwenye maji ya chumvi, akaikamua, akaanza kufuta.

"Muulize tena," akasema.